Jinsi ya Kufanya Utafiti Kiwandani Bila Kugundua Chochote

Hongera, una kiwanda cha sabuni ya mche. Pole pia, maana jirani yako ng'ambo ya barabara naye anacho, na mwezi huu mche wake umetoka na harufu ya limau huku bei ikishuka. Mawakala wako wa Kariakoo wameanza kutopokea simu. Sasa unatakiwa ufanye utafiti, na swali ni moja tu: uufanye ndani au ukaununue nje? Fuata hatua hizi. Utakosea, lakini utakosea kwa utaratibu.

Kwanza, usianze kabla hujaogopa. Biashara ikienda vizuri, utafiti ni anasa. Subiri mauzo yaporomoke, itisha kikao, gonga meza, tamka "ubunifu" mara tatu, kisha agiza matokeo yapatikane kabla ya sikukuu. Angalia tu asije mtu akauliza bajeti. Kikao kitaisha mapema.

Pili, ukichagua ndani, fungua Idara ya Utafiti. Idara ni kijana mmoja aliyesoma kemia, meza moja, na mizani iliyokataliwa na stoo. Kazi yake ya kwanza ni kwenda dukani kununua sabuni ya jirani. Ataupima mche, atauweka dirishani wiki nzima, ataupima tena, ataandika kwenye daftari. Atanawa nao pia: mikono ikiwasha, kostiki soda imezidi. Kabla hajamaliza, mtambo utakwama naye ataitwa kushika spana. Kirikuu itafika naye atahesabu katoni. Mwisho wa mwaka muulize kwa ukali amegundua nini. Tahadhari: siku akigundua kitu, jirani atasikia kabla yako.

Tatu, mfundishe adabu ya ugunduzi. Mwaka 1975 mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, aliunda kamera ya dijitali humohumo ndani ya kampuni. Kampuni ilikuwa ikila kwa kuuza filamu, na kamera ile haikuhitaji filamu, kwa hiyo wakubwa hawakuwa na haraka nayo. Washindani walikuwa na haraka. Mwaka 2012 Kodak ikakimbilia mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Utafiti wa ndani una hatari hiyo: unaweza kukuletea jibu la kweli.

Nne, ukichagua nje, usihangaike kujua unachotaka. Pale Msasani ipo TIRDO, taasisi ya serikali iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 ili kusaidia viwanda katika mambo hayahaya. Ukifika watakuuliza tatizo lako ni lipi. Hapo ndipo safari nyingi huishia. Afadhali umtafute mshauri mwelekezi mwenye tai na kompyuta mpakato, yeye hatakuuliza. Atakuletea ripoti ya kurasa 90, yenye picha za viwanda vya Ulaya, na sabuni utaikuta ukurasa wa 88. Usishangae jirani naye akizindua kilekile ulichoshauriwa: mshauri ni mmoja, na watoto wake wanasoma shule za kulipia. Kagua jalada kabla hujalipa. Likiwa na jina la kiwanda cha jirani, omba upunguziwe bei.

Tano, saini mkataba bila kuusoma, maana ushindani haungoji. IBM ilikuwa na haraka hiyohiyo ilipoingiza sokoni kompyuta yake binafsi mwaka 1981. Kichakataji ikakichukua Intel, mfumo endeshi ikauchukua Microsoft, na Microsoft ikabaki na haki ya kuwauzia wengine. Baada ya muda soko likajaa kompyuta za kufanana na ya IBM, zilizotengenezwa na wengine. Kwa hiyo ukifika kwenye kile kifungu kidogo kinachosema fomula ni mali ya nani, fungua ukurasa unaofuata.

Sita, ili kufidia gharama za mshauri, mpunguze kazi yule kijana wa mizani. Ni hatua ya kawaida na hesabu zake hupendeza. Ila ripoti ikifika, itahitaji mtu wa kuisoma na kukwambia ipi kemia na ipi porojo, na mtu huyo ulikuwa unaye. Utafiti wa nje hununuliwa na aliye na mjuzi ndani. Asiye naye hununua karatasi.

Mwisho, lile daftari. Limo kwenye droo ya pili, chini ya spana. Kijana aliandika kwamba mche wa jirani, baada ya wiki moja dirishani, ulikuwa umepungua uzito kuliko wako: bei imeshuka kwa sababu wateja wanauziwa maji yenye harufu ya limau. Hilo ndilo jibu ulilokuwa ukilitafuta, na limegharimu bei ya mche mmoja. Kamuulize leo. Kesho anaripoti kazini ng'ambo ya barabara.