Kitabu cha Tatu

Maradhi yaliyonisibu mimi, ambayo hayana tabibu, ni ya kukusanya vitabu vya Warusi vilivyofasiriwa kwa Kiingereza na kupigwa chapa Moscow, ambavyo zamani, kwa kuwa dola ya Kisovieti ndiyo iliyobeba gharama, viliuzwa Dar es Salaam kwa bei ya kutupa, na sasa, dola yenyewe ikiwa imevunjika tangu 1991, hulazwa juu ya turubai kando ya njia, baina ya kamusi zisizo majalada na vitabu vya hesabu vya skuli.

Riwaya ya Mikhail Sholokhov juu ya watu wa mto Don, iliyotoka kwa mafungu baina ya 1928 na 1940, ina vitabu vinne, nami nilijaaliwa kupata cha kwanza, cha pili na cha nne. Nilipouliza kilipo cha tatu, muuzaji, kijana mwenye adabu, alinitazama kwa huruma.

“Mzee wangu, cha kwanza kina mwanzo, cha nne kina mwisho, hicho cha tatu unakitakia nini?”

Hoja ile sikuweza kuitangua, nikalipa.

Katika cha pili nilimwacha Petro Melekhov yu mzima na masharubu yake. Nafungua cha nne, Petro ni marehemu, wala hapana aliyenialika matangani. Sijamaliza kutoa pole, posa imekwisha kuletwa: Mishka Koshevoy amtaka Dunyashka, dada wa marehemu, na mama mtu, badala ya kumkaribisha mkwe, amwita muuaji. Harusi ikapita, na kila aliyekuwamo alijua kisa cha bibi yule kununa isipokuwa mimi niliyelipia kiingilio. Fauka ya hayo, Mrusi mmoja huitwa mara kwa jina lake, mara pamoja na la babaye, mara kwa lile la kudekezwa, hata nisijue kama huyu anayeingia ni mgeni au ni yule wa juzi.

Rafuni nilikiachia cha tatu nafasi yake. Mama watoto, asiyependa pengo, akaliziba kwa chupa ya achari iliyoenea barabara, na mafuta yakavuja usiku yakailowesha harusi yote.

Shirika la Progress, lililopiga chapa vitabu hivyo, lilikuwa na desturi ya kumwomba msomaji, katika ukurasa wa mwisho, apeleke rai yake Zubovsky Boulevard, Moscow. Rai ninayo, tena ndefu, ila wa kuipokea ndiye hayupo.

Nasadiki kwamba mjini humu yuko mtu mwenye kitabu cha tatu peke yake, aliyeshuhudia mauaji asiijue harusi, ilhali mimi nimeijua harusi nisiyaone mauaji; na kwa kuwa naye bila shaka ni mkusanyaji, tukikutana kila mmoja atataka kununua, wala hapana atakayekubali kuuza.