Hongera kwa Uhuru wa Kuchagua

Wanaoisema vibaya shahada ya uzamili ya kompyuta ambayo Georgia Tech ya Marekani inaitoa mtandaoni tangu 2014 hawana shukrani. Masomo 10, krediti 30, na uhuru tele! Unachagua mchepuo uupendao, kisha mchepuo unakuchagulia masomo. "Chagua moja kati ya haya," orodha inakukaribisha. Mtandaoni yanafundishwa yale tu yaliyokolezwa wino, mengine ni ya kupendezesha ukurasa. Demokrasia ndiyo hiyo. Hata Watanzania mwaka 1965 walimchagua rais kwa uhuru kamili: mgombea mmoja, Ndiyo au Hapana.

Mchepuo wa mifumo ya kompyuta unalazimisha somo la algorithimu, msingi wa taaluma yenyewe. Na kwa kuwa nafasi hugawiwa kwanza wenye krediti nyingi, wengi huupata msingi huo paa likiwa limeshaezekwa. Fundi gani mwingine angethubutu? Tuwaamini tu. Waliopanga haya ni mabingwa wa algorithimu, watu wanaoijua njia fupi kuliko sisi. Yetu ni kulipa ada na kubofya.