Sifa za Makato

Mwisho wa mwezi, chumba cha walimu, utamjua aliyeingiziwa mshahara kwa namna anavyoishika simu. Anausoma ujumbe, anaifunika simu mezani, anaifunua, anausoma tena, kisha anatazama dirishani kama mtu aliyepewa habari kwamba mgonjwa wake amehamishiwa Muhimbili. Hakuna anayemuuliza kulikoni. Wote tunajua amekutana na makato.

Watu husifia mvua, husifia mama zao, husifia hata timu iliyofungwa nyumbani. Makato hayajapata wa kuyasifia. Yakitajwa ni kwa msonyo. Mimi nimeishi nayo kwa miaka kumi na sita ya kufundisha somo la Uraia, yamenilea, na naona kuendelea kunyamaza ni utovu wa adabu.

Nianze na uaminifu wao. Fedha ya likizo huchelewa. Barua ya kupandishwa daraja huchelewa, na ikifika, malimbikizo yake hukaa kwenye uhakiki mpaka mdai akastaafu. Mimi daraja langu lilichelewa miaka mitatu. Siku mshahara ulipopanda, makato nayo yalipanda siku ileile. Hayakusubiri barua wala uhakiki, na hakuna aliyeniambia faili langu halionekani. Umewahi kumsikia mtumishi akilalamika kwamba mwezi huu wamesahau kumkata, kwa hiyo ana malimbikizo ya kukatwa ya tangu mwaka juzi? Katika utumishi wote, hiki ndicho kitengo pekee kisichokuwa na njoo kesho.

Halafu yanamjua mtu. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 kamili. Namtumia yeye kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi, na kwa kuwa mimi mwenyewe sijafika huko. Mfuko wa pensheni, PSSSF, unachukua 5%, yaani 50,000. Bima ya afya 3%, ni 30,000. Chama cha walimu 2%, ni 20,000. Bodi ya Mikopo, kama ndiyo iliyomsomesha chuo, 15%, ni 150,000. Kodi ya mapato inamfikia baada ya pensheni kutolewa, nayo inabeba 115,500. Jumlisha: 365,500. Mwalimu wetu anaondoka na 634,500, na hapo hajakopa benki.

Sasa utazame uzuri wa jambo hili. Nani mwingine anakufahamu kipande kwa kipande namna hiyo? Mkuu wa shule hulikosea jina langu. Mke wangu hajui navaa kiatu namba ngapi. Makato yanaujua uzee wangu ambao haujafika, ugonjwa ambao sijaugua, ujana wangu wa chuoni na uraia wangu, na kila kimoja yamekiandikia mstari wake kwenye slipu.

Yana huruma pia. Utaratibu ni kwamba mtumishi asikatwe mpaka akabakiwa na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Theluthi hiyo maafisa mikopo wa benki wanaijua kuliko siku za kuzaliwa za watoto wao. Ukiingia hawakuulizi mkopo unaenda kufanyia nini. Kijana anakuangalia kwenye kompyuta na kukuuliza, "Mwalimu, theluthi yako ikoje?" Niliwahi kuulizwa hivyo mbele ya foleni nikajiona kama nimevuliwa shati. Nikamjibu kwamba ipo. Akaniangalia tena, akasema, "Ipo, lakini imechoka."

Kuhusu Bodi ya Mikopo naomba niseme zaidi, maana hapo ndipo makato yalipofikia usanii. Nilipoanza kazi nilikatwa 8%. Mwaka 2016 sheria ikabadilishwa, ikawa 15%, na sisi tuliosaini zamani tukabebwa humohumo. Juu ya deni lenyewe kulikuwa na 6% kwa mwaka iliyoitwa tozo ya kulinda thamani ya fedha. Sikuwa najua kwamba ile fedha niliyoila kwa chipsi mayai mwaka wa kwanza bado ina thamani, tena inalindwa. Nililala vizuri kwa kujua kwamba mahali fulani chipsi zangu zina mlinzi. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021, na nakiri nilibaki na upweke kidogo, kama jirani mwenye redio kubwa anapohama.

Tabia nyingine ninayoipenda ni kwamba makato hayana mzunguko. Mdogo wangu akitaka 20,000 atapiga simu saa mbili usiku. Shikamoo kaka. Za huko? Shemeji hajambo? Watoto wanaendeleaje na shule? Mvua zimeanza? Halafu kimya. Halafu "Kaka, kuna jambo." Kufikia hapo nimeshaumwa tumbo. Makato hayana "kuna jambo". Yanachukua kwanza, ndipo yanakuandikia, tena kwa heshima, yanakuita Ndugu Mteja na kukushukuru kwa kuendelea kutumia huduma. Hata wale matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" hawajafikia ustaarabu huo, kwa sababu wao hulazimika kuomba.

Tusisahau pia yaliyoifanyia lugha yetu. Kabla ya simu za pesa, mwanamume alijulikana ana nia kwa kutuma mshenga. Leo anajulikana kwa maneno matatu: na ya kutolea. Ukimtumia mtu 10,000 kavu, umemtumia 10,000 na matusi, kwa kuwa akifika kwa wakala, pale chini ya mwamvuli, atapokea pungufu na wakala atamwangalia kwa huruma. Ukiongeza ya kutolea umemwambia kwamba ulimfikiria mpaka mlangoni kwa wakala, ukamwona akisimama juani, ukaumia. Nina rafiki aliyeachwa na mchumba kwa sababu hii. Familia ya binti haikusema hivyo; ilisema kijana hana mipango. Lakini dada wa binti aliniambia pembeni: miezi saba alituma, na hajawahi kuweka ya kutolea hata mara moja.

Ilipofika tarehe 15 Julai 2021 na tozo ya serikali ikaingia kwenye miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa, mapenzi yakawa ghali na taifa zima likajua hesabu. Nilikuwa nimefundisha asilimia za kodi kwa miaka na vijana walikuwa wakilala. Ghafla bodaboda wa kijiweni wananieleza tofauti ya ada ya kampuni na tozo ya serikali, tena bila ubao. Mama muuza maandazi alikuwa na jedwali zima kichwani. Bahasha zikafufuka: watu wakarudi kumkabidhi konda wa basi fedha iliyokunjwa ndani ya karatasi ya daftari, na namba ya mpokeaji juu yake. Mwezi Septemba serikali ikaipunguza tozo kwa 30%, na kuna watu niliowaona wakishangilia kana kwamba wameongezewa mshahara. Hiyo nguvu ya kukufurahisha kwa kukurudishia kidogo cha kwako, nani mwingine anayo? Wanasiasa wameijaribu kwa miaka mingi, lakini wao huhitaji jukwaa, vipaza sauti na fulana.

Agosti ya mwaka huohuo makato yalinipa heshima ambayo sikuitarajia maishani. Kodi ya majengo ilihamia kwenye LUKU. Ukinunua umeme, 1,000 kila mwezi ilikwenda kwenye kodi ya nyumba ya kawaida. Baadaye, mwaka 2023, ikawa 1,500. Mimi ni mpangaji. Nyumba ninayokaa ni ya mzee mmoja mwenye kofia ya kiua anayekuja kila miezi sita kuchukua kodi yake na kukagua kama nimepigilia misumari ukutani. Lakini mita iko kwangu. Kwa hiyo mimi, nisiye na hata tofali, nikawa mlipa kodi ya jengo. Tuliambiwa tukadaiane na wenye nyumba. Nilimfuata mzee nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, hiyo ni dalili njema. Anza kulipia nyumba, nyumba yenyewe itakuja." Tangu hapo nikiweka tokeni nasimama wima kidogo. Ni umiliki wa bei nafuu kuliko wowote ninaoujua: unalipia jengo na hulazimiki kulipaka rangi.

Benki niliyo nayo sitaitaja. Nilikuwa na akaunti ya pili, ya akiba, niliyoifungua siku ambayo nilikuwa na matumaini. Niliacha humo 14,200. Nikaisahau, kama mtu anavyosahau mwavuli kwenye daladala. Niliporudi baada ya muda mrefu, dada wa kaunta aliniambia kwa upole, "Kaka, akaunti yako imelala."

"Na hela?"

"Hela ilikuwa inaiendesha."

Nikamwomba anieleze vizuri. Kumbe akaunti ina ada ya kuendeshwa kila mwezi, na hata isipokwenda popote, inaendeshwa. Makato yalikuwa yakija peke yake, mwezi kwa mwezi, kuitembelea akaunti ambayo mwenyewe nimeitelekeza, mpaka ile 14,200 ikaisha. Hapo ndipo nilipoona aibu. Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga walikuwa na busara ya kutosha kutotaja kibaba cha nani. Nilitaka kujua salio la mwisho kabla halijaisha lilikuwa kiasi gani. Akasema taarifa hiyo inapatikana, ila ina gharama ya kuichapisha.

Anayeona natia chumvi amwulize mama yeyote wa mtaani kwetu mwenye mkopo wa kausha damu. Huyo hakatwi, hudaiwa. Siku ya rejesho mlango hufungwa kwa ndani, watoto huambiwa waseme mama amekwenda msibani, na afisa huondoka na godoro au jiko la gesi. Nilimshuhudia jirani yangu akibebewa televisheni watoto wakiwa katikati ya katuni, na hapo sikucheka. Makato hayajawahi kunibebea godoro. Yananiachia, na juu yake ninalala macho.

Ya kikokotoo cha pensheni nitayapita haraka, maana wazee wangu kazini wakilisikia neno hilo huomba maji. Mwaka 2018 waliambiwa mkupuo wa kustaafu utakuwa 25%, wakapiga kelele, rais akasitisha. Mwaka 2022 ukaja wa 33%. Mwaka 2024 ukapandishwa mpaka 40% kwa kundi lililokuwa likipata 50% zamani. Kinachonivutia ni kwamba makato, yakishamaliza kukata mshahara wako, hayastaafu nawe, yanakusindikiza nyumbani. Mbunge, maskini, hana bahati hiyo ya kusubiri: muhula wa miaka mitano ukiisha, anakabidhiwa kiinua mgongo chake akiwa bado na nguvu za kuomba kura nyingine.

Ila kuna mtu mmoja aliyeyaelewa makato kuliko sisi wote tuliosoma, na huyo ni mama yangu, aliyeko kijijini. Namtumia 30,000 kila mwezi, na ya kutolea juu. Mwezi uliopita alinipigia. Baada ya salamu, ambazo kwake hazipungui dakika nne, akaniuliza kama nina shida ya hela.

Nikamwambia nani hana.

"Maana hapa kwenye simu nina elfu thelathini na nane."

Nikashangaa. Nikamuuliza imetoka wapi, huwa hatoi? Akanieleza kwamba kwa wakala hajaenda zaidi ya mwaka. Jirani ana kijana wake yuko chuo Dodoma. Kila mwezi jirani anampa mama taslimu, mama anamtumia kijana kutoka kwenye simu yake, na jirani anaweka gharama ya kutuma na soda. Ile ya kutolea ninayoituma mimi hubaki palepale. Mwezi kwa mwezi imekaa, imejazana.

"Basi nirushie mama," nilisema, na nilikuwa namaanisha. Tarehe ilikuwa 17.

"Narusha sasa hivi."

Dakika kumi baadaye simu ikalia. Nimepokea 33,000. Nikampigia kumshukuru, na kwa kuwa ualimu haumtoki mtu, nikamwambia kutuma hakuwezi kula 5,000 yote.

"Ya kutuma nimekata," alisema mama. "Na iliyobaki ni ya utunzaji. Ulifikiri imekaa humo bure?"