Celica na Matabibu Wake
Tarihi imehifadhi kwamba Toyota Celica ilitwaa ushindi wa mbio za Safari mwaka 1984, ikaurudia 1985 na 1986, ikipasua vumbi na matope ya Kenya pasina kuomba radhi. Ila Celica kuukuu iliyokadiriwa riziki yake Mkwajuni, katika nchi ya wachimba dhahabu, hushindwa na fyuzi ya feni ya rejeta, na zaidi hushindwa na matabibu wake.

Kwani fundi, badala ya kuitazama hiyo fyuzi, kisha rilei, kisha kuchomoa soketi ya swichi ya joto, jambo ambalo katika Toyota nyingi za zama hizo huifanya feni izunguke papo hapo ikiwa mota yake ni nzima, huanza kwa kung'oa thamostati na kuitupa kana kwamba ni najisi. Halafu huiunga feni na betri kwa waya wa redio, akamkabidhi mwenye gari swichi ya taa ya chumbani, aibonyeze kila mshale wa joto upandapo. Naye mwenye gari, maskini, hulipa ujira na kushukuru, akaenda zake kutamba sokoni, mshale ukipanda naye yumo katika kuwapungia watu mkono.