Mkulima Asiye na Shamba

Nampigia saluti gugumaji wa Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Hana hatimiliki, hana jembe, hajawahi kupanga foleni ya mbolea ya ruzuku wala kumsumbua afisa wa kilimo. Na bado mwaka mzima yuko kijani.

Wakulima wenzake wa juu huko wanahangaika. Mtu amekopa, akanunua gunia la kilo 50 la mbolea ya CAN, likapanda bodaboda, likanyunyizwa kwenye mahindi asubuhi. Jioni mvua inapiga Nandi. Mto Nyando unageuka rangi ya chai ya maziwa, na usiku kucha unateremsha udongo pamoja na naitrojeni na fosforasi yake. Mto Sondu nao haulali. Mzigo unashushwa mlangoni pa gugumaji, nauli imelipwa na mwenye mkopo. Yeye ananyoosha tu mizizi yake, myeusi, yenye manyoya kama unyoya wa jogoo, anafyonza. Akishiba, huongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi. Mkopo nao unaongezeka, lakini taratibu zaidi.

Tena ni mgeni, kwao Amerika Kusini. Ziwa Victoria alianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1998 alishatandaza takriban hekta 17,000 upande wa Kenya pekee. Tulishamletea fukusi wa kumtafuna, wakamtafuna kweli, na akapungua hadi watu wakasahau. Alikuwa ameacha mbegu kwenye tope. Mwenye subira, huyo.

Na fadhila zake! Mvuvi wa Dunga anaamka alfajiri, anakuta mtumbwi umezingirwa na uwanda wa maua ya zambarau: amepewa likizo, bila malipo lakini yenye mandhari. Konokono wa kichocho wamepata makazi, mbu wamepata kitalu. Samaki wengine chini yake wanakosa hewa, ila kamongo, anayejua kupanda juu kuvuta pumzi, hana neno. Hata wasusi wa Kisumu anawatunza. Wanamkausha wakasuka viti na vikapu, na vikapu vyenyewe ni imara, hapo sitanii. Akifa hazikwi mbali: anazama, anaoza, anamaliza oksijeni iliyobaki, kisha ile mbolea anawarudishia wanawe.

Juzi nilipanda boti, injini ikakoroma ikazima. Nahodha akainua rafadha: imefungwa kilemba cha mabua na mizizi. Akatoa kisu, akaanza kukata huku akilaani, kipande baada ya kipande, akivitupa majini nyuma yetu. Vile vyenye mizizi viligeuka, vikakaa sawa juu ya vibofu vyao, vikaelea kuelekea mahali palipokuwa bado wazi.