Namna ya Kuitegemea Injini Chomboni: Mwongozo kwa Mabaharia wa Bugarama

Sisi wa Bugarama tuna haki kamili ya kuwafundisha watu ubaharia. Mto Rusizi unapopita ubavuni mwetu uko mita 950 juu ya usawa wa bahari, na Rwanda nzima haina mahali pa chini kuliko hapo. Kwa hiyo sisi ndio Wanyarwanda tulio karibu zaidi na bahari, ukipima kwa kwenda chini. Tuna mashamba ya mpunga yaliyojaa maji, chemchemi za maji moto, na joto la kumvua koti mgeni wa Kamembe kabla hajashuka garini. Tulichokosa ni ziwa tu, na hilo si neno.

Kwanza, tafuta mahali pa kuelea. Usianzie Kivu ukidhani utateremka na mto: Kivu iko takriban mita 1,460, na njiani kuna maporomoko na mabwawa ya umeme. Hapo hata injini ya kutegemewa haitakusaidia. Shuka kwa barabara, uvuke Ruhwa kuingia Burundi au Kamanyola kuingia Kongo, mpaka ulione Tanganyika.

Ukifika, wakumbuke waliokutangulia. Mwaka 1858 wapelelezi Burton na Speke walikuwa Ujiji, kando ya ziwa hili, wakitamani chombo cha tanga. Speke akavuka ziwa hadi Kasenge kumwomba Sheikh Hamed bin Sulayyim chombo chake, akarudi mikono mitupu. Basi wakaenda kwa mitumbwi hadi Uvira, kuuliza kama mto wetu Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Wenyeji wakawaambia unaingia. Mtu wa Bugarama angewajibu bila kuloa mguu. Somo lake ni hili: pasipo tanga wala injini, hutafutwa wapiga makasia, ambao majina yao huwa hayaandikwi.

Sasa nunua injini. Iwe kubwa, yenye rangi ya kuvutia, uifunge nyuma ya chombo, kisha uisahau kabisa. Hii ndiyo siri ya kuitegemea. Injini ya akiba isiyowashwa hugeuka kama tairi la akiba la basi: lipo, ila halina upepo. Petroli ya miezi mingi huacha utando ndani ya kabureta. Unyevu hugeuka maji ndani ya tangi na kuzama chini, pamoja na kutu na uchafu. Ziwa likiwa shwari uchafu huo hulala kimya, na injini huwaka kwa mvuto mmoja wa kamba, watu gatini wakakusifu. Kusi ikivuma, nayo huko Tanganyika hushika nguvu kati ya Mei na Septemba, mawimbi hulitikisa tangi, uchafu ukapanda, ukanyonywa, ukaziba chujio. Injini inakohoa mara mbili, inanyamaza. Wewe unavuta kamba, miamba inasogea. Sidhani kama ni bahati mbaya. Wimbi lililokufanya uihitaji injini ndilo lililoizima.

Jambo la rafadha nalo lisikutishe. Ikinasa kipande cha wavu, mtu lazima azame na kisu. Kwenye mdomo wa Rusizi, upande wa Burundi, ndiko alikovuma mamba Gustave, anayetuhumiwa kuua watu wengi. Mchague mzamiaji kabla ya safari, wala usimweleze sababu.

Jihadhari pia na watu wanaoharibu biashara hii ya kutegemea injini. Joshua Slocum aliizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898 kwa tanga, bila injini. Lin na Larry Pardey walisafiri miaka 11 ndani ya Seraffyn, mashua fupi kuliko lori, na upepo ulipokatika wakatumia kasia moja refu. Manahodha wa Zanzibar na Lamu, ndio usiseme: walikwenda na kusi, wakarudi na kaskazi, na wakati wa maleleji wakakaa bandarini wakishona matanga. Mwenye haraka huwaona walikuwa wavivu. Kumbe ile ndiyo ilikuwa ratiba yao, na haikuhitaji kopo la petroli.

Kejeli niiweke kando kidogo. Upepo ukifa na mkondo ukikusukumia mwambani, au kukiwa na mgonjwa chomboni, injini ni neema, na anayeikataa kwa kiburi anacheza na roho za watu. Lakini huyo anayeihitaji hivyo ndiye mwenye wajibu wa kuiwasha kila wiki, kumwaga maji yaliyotulia chini ya tangi, kubeba plagi na chujio za akiba. Na anapoingia bandarini kwa injini, nanga iwe tayari kutupwa, tanga liwe tayari kutwekwa. Injini ni msaidizi wa nahodha. Nahodha akigeuzwa kuwa msaidizi wa injini, chombo kimekosa mwenyewe.

Basi ndugu yangu wa Bugarama, ukifika kule ziwani mwenye chombo atakuuliza kama unajua kupiga bisho, yaani kwenda kwa tanga dhidi ya upepo. Mjibu kwamba una injini mpya. Akikunyima chombo, mshukuru, upande gari urudi nyumbani.