Mkulima, Muuguzi na Mshairi Kwenye Sufuria Moja: Namna ya Kuendesha Darasa Mseto la Ujasiriamali

Umekabidhiwa kozi ya ujasiriamali ya chuo kizima. Orodha ina majina 400: kilimo, uuguzi, uhandisi, uhasibu, Kiswahili na fasihi. Ukumbi unabeba watu 250, na ratiba imekupa Ijumaa saa tisa alasiri. Nakupa hongera, na naitoa kwa moyo mmoja, kwa sababu ni masomo machache chuoni yanayowakalisha watu hawa benchi moja. Usiende kupigania ukumbi mkubwa zaidi. Huo huo utatosha, mradi ujue nani aingie lini na afuate nini.

Myles Mace alipoanza kufundisha kozi ya aina hii Harvard mwaka 1947, alikuwa na wanafunzi 188, wote wa shahada ya uzamili ya biashara. Mace akisema mtaji, darasa zima lilisikia neno moja. Wewe ukisema mtaji, mhasibu anaona safu kwenye vitabu vya hesabu, mkulima anaona mbegu na mbolea, na muuguzi anasubiri ueleze. Usiwe na haraka ya kuwafanya wote wasikie kitu kimoja, maana tofauti hiyo ndiyo mali ya darasa lako.

Sasa gawa kazi. Kitu ambacho mtu anaweza kujifunza peke yake, amelala kitandani hosteli, kipeleke kwenye simu: maana ya gharama, namna ya kukokotoa faida, hatua za kusajili jina la biashara BRELA. Kitu kinachohitaji uso wa mtu mwingine kibaki ukumbini. Mwaka 2007, walimu wawili wa kemia wa Colorado, Jonathan Bergmann na Aaron Sams, walianza kurekodi masomo yao kwa ajili ya wanafunzi waliokuwa wakikosa vipindi. Wakagundua kwamba mhadhara ukishasikilizwa nyumbani, saa za darasani zinabaki huru kwa kazi yenyewe.

Ila kabla hujarekodi chochote, piga hesabu ya bando. Video ya dakika 10 iliyorekodiwa kwa kilobiti 1,500 kwa sekunde inakula zaidi ya megabaiti 110. Sauti peke yake ya dakika hizo hizo, kwa kilobiti 32 kwa sekunde, ni megabaiti 2.4. Mwanafunzi ambaye bumu lake halijaingia anaisikia tofauti hiyo tumboni, maana bando na wali maharage vinatoka mfuko mmoja. Kwa hiyo rekodi sauti, ambatanisha kurasa mbili za maandishi, basi. Weka kwenye Moodle ili ikae, kisha mpe kiongozi wa darasa airushe kwenye kundi la WhatsApp ili ifike. Mwishoni mwa kila sauti uliza swali ambalo hakuna desa lenye jibu lake: taja watu watatu walionunua wiki hii kitu unachotaka kuuza, na bei waliyolipa.

Makundi yapange wewe. Ukiwaachia, wahandisi watano waliotoka kidato cha sita pamoja watakaa pamoja mpaka mahafali. Saras Sarasvathy, katika makala yake ya mwaka 2001, alieleza kwamba mjasiriamali huanza na kilichopo mkononi: mimi ni nani, najua nini, namjua nani. Kila mwanafunzi ajibu maswali hayo kwa simu wiki ya kwanza. Wahandisi watano wakikaa pamoja, swali la pili wanalijibu vilevile mara tano. Changanya, kundi moja watu watano wa fani tano. Utapata makundi 80. Nusu yaje wiki hii, nusu wiki ijayo. Watu 200 wanaenea ukumbini na kubaki na nafasi ya kugeuza viti.

Hapo macho yako yawe makali. Usipoangalia, mhandisi atajifanya mwenyekiti, mhasibu atashika fedha, na msichana yeyote aliyepo ataandikishwa kuwa katibu. Zungusha kazi hizo kila wiki mbili, bila kuomba radhi. Na yule wa fasihi aliyekaa pembeni akisema yeye hana cha kuuza, msogelee wa kwanza.

Chukua kundi linalotaka kuuza unga wa lishe. Mhasibu ameshapanga bei. Wa kilimo anauliza mahindi yamekaushwa wapi, kwa kuwa kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 13.5. Muuguzi anadakia sumukuvu, ambayo kikomo chake ni sehemu 10 kwa bilioni, na anaeleza inavyoliumiza ini. Mhandisi anachora kichanja cha kukaushia. Ndipo wa fasihi, aliyezoea kuwafikiria watu wa hadithini, anauliza swali lililowapita wote: huo unga ataukoroga nani, hosteli isiyoruhusu jiko? Mnywaji wao ni mtu anayekimbilia kipindi cha saa moja asubuhi na hajala kitu. Kwa hiyo wauze kikombe cha uji. Pakiti itasubiri nembo ya ubora ya TBS, na milango ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ipo wazi kwa maandalizi ya kuipata.

Kikombe kinahitaji moto, na moto upo kwa mama lishe wa getini. Kundi liende kwake kwa adabu, likubaliane naye mgao kabla ya kuchemsha maji. Kisha mwalike ukumbini, mpe kipaza sauti dakika 20, na umlipe kama unavyomlipa mgeni yeyote wa mhadhara. Anajua nani hukopa na kulipa, sukari ikipanda afanye nini, na mvua ikinyesha apike sufuria ngapi. Elimu hiyo hutaipata kwenye rekodi yoyote ya megabaiti 2.4.

Katika alama 40 za koswaka, zitenge 20 kwa daftari la wateja: nani alinunua, nani alikataa, na kundi lilibadilisha nini baada ya kukataliwa. Faida usiitolee alama, kwa sababu wiki mbili za mauzo ni chache na mwenye ndugu wengi mjini atawashinda wote kwa kuwauzia shangazi zake.

Siku ya mwisho ya mauzo, fika getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nunua kikombe, lipa bei kamili. Halafu hakikisha vikombe vyote vilivyoazimwa vimeoshwa na kuhesabiwa, na kwamba mama lishe ameshika mgao wake mkononi kabla kundi halijaanza kugawana.